Swichi Nyekundu: Historia Fupi ya Kupima Pawa Saplai

Najua niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, lakini wiki mbili zilizopita nimezimalizia kwenye stoo ya mjomba wangu hapa Machakos, na nilichokikuta huko kimenifanya niweke hifadhidata kando kwanza. Leo tuzungumze juu ya pawa saplai, lile boksi la bati lililo nyuma ya kompyuta, lenye feni na tundu la waya wa stima. Wengi wetu hulikumbuka siku linapokufa tu.

Nianze na mlipuko.

Mwaka 2006 nilikuwa darasa la tatu, na mjomba alikuwa na saiba ndogo karibu na stendi ya matatu. Kompyuta sita, zote za mtumba, shilingi mbili kwa dakika. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, kwa hiyo wakati huo kufungua ukurasa mmoja kulikupa nafasi ya kumaliza andazi na kuomba jingine. Siku moja mjomba akaleta kompyuta ya saba kutoka Nairobi. Ilikuwa imetoka Marekani, safi, bado ina kibandiko cha ofisi ilikotoka. Kijana aliyekuwa akiangalia saiba akaiweka mezani, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Ukasikika mlio kama wa baruti, moshi mweupe ukatoka nyuma, na stima ikapotea chumba kizima. Nilijikuta chini ya meza bila kujua nimefikaje.

Mjomba alisema kijana ameiharibu mashine. Kijana alisema hakufanya lolote ila kubonyeza. Bei ya mashine nzima ilikatwa kwenye mshahara wake kwa miezi miwili, na mwezi wa tatu hakurudi kazini. Mashine ikauzwa kwa fundi kama spea, na boksi lililolipuka likatupwa stooni. Ndilo nililolikuta juzi, chini ya gunia la mbegu za mahindi.

Nimelifungua. Lakini nisiruke hatua. Kuna historia ya kupitia kwanza, na bila hiyo nilichokiona ndani hakitakuwa na maana.

Kazi ya pawa saplai ni kuchukua stima ya ukutani, ambayo kwetu Kenya ni volti 240 za mkondo geu, mizunguko 50 kwa sekunde, na kuigeuza iwe volti 12, 5 na 3.3 za mkondo mnyoofu ambazo ubao mama na diski vinaweza kula. Kompyuta za mwanzo za nyumbani, kama Altair 8800 ya mwaka 1975, zilitumia njia ya kizamani: transfoma nzito ya chuma na shaba inashusha volti, halafu kidhibiti kinachoma kilichozidi kiwe joto. Ni njia rahisi kutengeneza, ila kiasi cha nusu ya stima unayolipia huishia kupasha hewa moto.

Njia ya pili ni kukatakata umeme kwa transista, makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Fikiria watu wawili wanaohamisha maji kutoka kisimani. Mmoja anabeba pipa zima mara chache, mwingine anakimbia na kopo dogo mara elfu. Maji yanayofika ni yale yale, lakini wa kopo habebi uzito. Ukikata umeme haraka namna hiyo, transfoma unayohitaji inakuwa ndogo ya kutosha kiganjani, na joto linalopotea linapungua sana.

Ukisoma wasifu wa Steve Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson, utakuta Jobs akidai kwamba njia hii ililetwa kwenye kompyuta na Rod Holt, aliyebuni pawa saplai ya Apple II mwaka 1977, na kwamba wengine wote waliiga. Holt alifanya kazi nzuri, hilo halina ubishi. Boksi lake la wati 38 halikuhitaji hata feni. Lakini mhandisi Ken Shirriff, ambaye hupenda kufungua vifaa vya zamani na kuandika alichokikuta, alionyesha kwamba pawa saplai za kukata umeme zilikuwepo kabla ya Apple. Robert Boschert, kwa mfano, alianza kutengeneza za bei nafuu mwaka 1970 kwenye meza ya jikoni kwake. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: anayesifiwa mara nyingi ni aliyeuza, si aliyeanza.

Kutoka hapo wati zikaanza kupanda. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja na pawa saplai ya wati 63.5. Chomeka diski kuu ndani yake uone itakavyosumbuka. XT ya mwaka 1983, iliyokuja na diski kuu tayari, ilipewa wati 130, na AT ya mwaka 1984 wati 192. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni za ATX, ambazo ndizo tunazozifuata mpaka leo kwa mabadiliko kidogo kidogo. Kanuni hizo ndizo zilizoleta ule waya wa kijani unaoiambia pawa saplai iamke. Tutaurudia.

Sasa swichi nyekundu.

Marekani stima ya ukutani ni volti 120. Ulaya ni 230, kwetu 240. Mtengenezaji wa miaka ile hakutaka kutengeneza maboksi mawili tofauti, basi akabuni ujanja ambao mimi binafsi naupenda sana. Ndani ya boksi, baada ya daiodi, kuna kapasita mbili kubwa zimefungwa moja nyuma ya nyingine. Swichi ikiwa upande wa 230, stima ya volti 240 inafikia kilele cha karibu volti 339, na kapasita mbili zinagawana: kila moja inashika karibu 170. Swichi ikiwa upande wa 115, katikati ya kapasita hizo panaunganishwa na waya wa stima, na kila kapasita inajazwa peke yake kwa zamu, nusu ya wimbi moja na nusu ya jingine. Stima ya Marekani ina kilele cha karibu volti 170, kwa hiyo mbili zikijumlishwa unapata karibu 339 tena. Sehemu ya ndani haijui kama iko Chicago au Machakos. Yote hayo kwa kiswichi cha bei ya peremende.

Ubaya wake mmeshauona. Kiache kiswichi upande wa 115 halafu uchomeke kwenye ukuta wa volti 240: kila kapasita inapata volti 339 peke yake, mbili kwa pamoja karibu 680. Na kapasita zile zimetengenezwa kwa volti 200.

Boksi la mjomba lilikuwa hivyo hivyo. Swichi bado iko 115, hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Kapasita zote mbili zimepasuka vichwani, na ubavuni bado unasomeka vizuri, 200V. Fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi. Sehemu ya pili ya boksi, ile inayotoa volti 12 na 5, haina hata doa. Maana yake ni kwamba ubao mama, diski na memori karibu hakika vilikuwa vizima. Mlipuko wa namna hii mara nyingi huua boksi peke yake. Kijana yule alilipishwa mashine nzima kwa kosa la swichi iliyo nyuma, upande unaoelekea ukutani, ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kama ipo.

Na hakuwa peke yake. Miaka ile mashine za mtumba zilikuwa zikimiminika. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka mashuleni, na mafundi wa namna hiyo walikuwa na utaratibu wa kukagua. Aliyenunua dukani akaibeba kwa matatu hakuwa na utaratibu wowote.

Ajabu ni kwamba kilichotuokoa na swichi hii ni sheria ya Ulaya ambayo haikutuwaza hata kidogo. Pawa saplai za kale hazikuvuta stima taratibu. Zilingoja kilele cha wimbi, zikanyakua kwa ghafla, zikaacha. Ukiwa na kompyuta milioni zinazonyakua pamoja, nyaya za gridi na transfoma za mtaani zinaumia. Kuanzia Januari 2001 Umoja wa Ulaya ukaweka mipaka ya unyakuzi huo kwa vifaa vinavyovuta zaidi ya wati 75. Watengenezaji wengine walitii kwa kubandika koili kubwa ya chuma ndani ya boksi. Wengine waliweka sakiti inayorekebisha mvuto muda wote, na sakiti hiyo ina tabia moja nzuri: inapokea chochote kati ya volti 100 na 240 bila swichi. Pole pole swichi nyekundu ikatoweka.

Mpaka hapo bado hakuna aliyekuwa akimwambia mnunuzi jambo lililo la msingi kabisa: kati ya stima ninayolipia, ni kiasi gani kinafika kwenye kompyuta? Kibandiko kilisema wati 400, basi. Ukipima, nyingi zilifikisha asilimia 65 hadi 75, na iliyobaki ilitoka na upepo wa feni.

Mwaka 2004 kampuni ya Ecos Consulting ya Marekani ilianzisha mpango wa 80 PLUS. Sharti lilikuwa jepesi kueleza. Pawa saplai ipewe mzigo wa asilimia 20, 50 na 100 ya wati zake, na katika kila hatua ifikishe angalau asilimia 80. Upimaji ulifanywa katika maabara ya EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya huko huko. Ya kwanza kupata cheti ilikuwa ya Seasonic, mwaka 2005. Julai 2007 alama ya Energy Star ikaanza kudai kiwango hicho, na hapo wauzaji wakubwa hawakuwa na la kufanya. Mwaka 2008 zikaja Bronze, Silver na Gold, kisha Platinum, kisha Titanium ambayo kwa mzigo wa nusu inatakiwa ifikishe asilimia 94 kwenye stima ya Marekani. Wakati huo huo watu binafsi walianza kupima na kuanika matokeo hadharani. Jon Gerow wa jonnyGURU alikuwa akizitesa pawa saplai kwa mashine za mzigo ndani ya boksi lenye joto, kwa sababu aliona kupima kwenye chumba cha baridi ni kuidekeza.

Nimeona jambo moja likanichekesha. Mwaka ule ule wa 2006, mjomba akizima moshi na gunia lililoloweshwa maji (msifanye hivyo, tafadhali, si kwa kitu cha stima), Urs Hölzle na Bill Weihl wa Google walichapisha karatasi wakipendekeza pawa saplai itoe volti 12 peke yake, na ubao mama ujigawie zilizobaki. Walikadiria kwamba kompyuta milioni 100 zikifanya kazi saa nane kwa siku, zingeokoa uniti bilioni 40 kwa miaka mitatu. Intel ilikuja kutoa kanuni za namna hiyo kwa kompyuta za mezani zaidi ya miaka kumi baadaye.

Lakini cheti kina mipaka yake. Jaribio la kawaida la 80 PLUS lilibuniwa kwa stima ya volti 115, kwenye chumba cha nyuzi 23 hivi. Kwa volti 240 tunapata faida ndogo, maana volti zikiwa juu mkondo unapungua, na ufanisi unapanda kwa asilimia moja au mbili. Joto la chumba cha saiba Februari, chini ya bati, silo la maabara. Na maabara haina Kenya Power. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, gridi ikapoteza megawati 180 na nchi nzima ikaingia gizani. Tunaokaa kaunti hii tunalijua bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Limo mpakani kwetu na Embu, na mwaka 2000 ukame ulipolikausha, mgao wa stima ulifika kila mtaa. Kanuni za ATX zinataka pawa saplai istahimili kukatika kwa stima kwa milisekunde 16 bila kompyuta kuzima. Wimbi moja la stima yetu ni milisekunde 20. Hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe. Mjomba sasa ana duka la kuchapisha na kutoa nakala, kompyuta nane, na muuzaji mmoja amemshauri abadilishe pawa saplai zote aweke mpya za wati 500 za bei poa. Aliniomba maoni. Mashine ya mzigo ya maabara sina, bei yake ni ya gari. Nikaenda duka la spea nikanunua balbu nne za taa za mbele za matatu, volti 12, wati 55 kila moja. Nikaazima kipima mkondo cha kubana waya kutoka kwa fundi wa sola, na kile kipima wati cha kuchomeka ukutani nilikuwa nacho.

Utaratibu: unaunganisha waya wa kijani na mweusi, pawa saplai inaamka bila kompyuta. Balbu mbili kwenye volti 12, moja kwenye volti 5, maana maboksi ya bei rahisi hudhibiti volti hizo mbili kwa pamoja na ukipakia upande mmoja tu unalionea. Washa balbu moja moja. Balbu baridi huvuta mkondo mwingi mno kwa sekunde ya kwanza, na ukiziwasha pamoja boksi litajizima ukadhani limekufa. Unapima volti na mkondo wa kutoka, unazidisha, unagawanya kwa wati zinazoingia. Darasa la sita.

Boksi la zamani la wati 280, lililong'olewa kwenye kompyuta ya ofisi yenye nembo ya 80 PLUS, lilitoa volti 12.05 kwa ampea 9.2 na volti 5.05 kwa ampea 2.85. Jumla wati 125. Ukutani lilivuta 151. Hiyo ni asilimia 83, kwa kitu cha mtumba chenye vumbi la miaka.

Boksi jipya la "wati 500" lilikuwa jepesi hata mkononi. Nilipolifungua, sehemu ya kichujio cha stima ilikuwa na matundu matupu na vipande vya waya vimeruka juu yake. Kwa balbu zile zile lilitoa wati 121 na kuvuta 176: asilimia 69 hivi. Nikaongeza balbu ya tatu kwenye volti 12. Zikashuka hadi 11.1, chini ya kiwango kinachoruhusiwa na kanuni. Hapo lilikuwa linatoa wati 167, theluthi ya kilichoandikwa kwenye kibandiko. Sikuongeza zaidi, harufu ilikuwa imeanza.

Kompyuta ya duka haivuti wati 120. Tuseme inahitaji 70. Boksi zuri litavuta 84 ukutani, hili jipya karibu 108. Tofauti ni wati 24. Kwa saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mashine nane, unapata uniti 50 hivi za tokeni kila mwezi. Ukipiga kwa shilingi 25 kwa uniti ni 1,250 zinazopulizwa na feni. Nilimwambia asafishe ya zamani, abadilishe feni zinazolia, na hela zinazobaki anunue UPS.

Halafu nikamwekea mezani lile boksi la 2006, nikamwonyesha swichi. Ilinichukua robo saa kumweleza habari ya 115 na 240. Alitoa miwani, akaisoma ile 200V kwenye kapasita, akaisoma tena.

"Kwa hiyo hata mimi ningebonyeza ingelipuka?"

"Yeyote yule, mjomba."

"Na mashine ilikuwa nzima?"

"Nadhani ilikuwa nzima."

Akaligeuza boksi mkononi kwa muda. Akasema kijana alilia siku ile, na yeye alidhani analilia kosa lake. Kisha akaniuliza kama najua siku hizi anakaa wapi. Mimi sijui. Mama ndiye anayejuana na dada yake, wako chama kimoja. Mjomba akatoa simu akampigia mama pale pale, nami nikaanza kukusanya balbu zangu.